Tuombe Mungu, Kisha Tufungue Kinywa
Somo: Nehemia 2:1-8



Leo tunasema juu ya kutafuta kazi. Katika makanisa yetu wako vijana wenye diploma na akina baba wenye ufundi mikononi, wanaofunga na kukesha kwa ajili ya kazi. Lakini ndugu wanayekaa naye benchi moja kila Jumapili hajui kama hawana kazi. Tunaficha kwa sababu ya haya. Tena tunasema: nikiomba watu, imani yangu ni ndogo. Je, ni kweli?

Tumtazame Nehemia. Mwezi wa Kisleu alipata habari mbaya za Yerusalemu. Akalia, akafunga, akaomba. Mwezi wa Nisani, karibu miezi 4 baadaye, mfalme Artashasta akamwuliza anataka nini. Nehemia akamwomba Mungu kwanza, kisha akafungua kinywa mbele ya mtu. Hakusema tu, “Mfalme, unisaidie.” Alitaja mahali anapotaka kwenda. Akaweka muda. Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua kwa Asafu, mtunza msitu, ili apewe miti. Alijua hata jina la mwenye miti! Na mfalme alipokubali, Nehemia alijua kwamba ni Mungu aliyemsaidia.

Basi na sisi tuombe hivyo. Tukimwambia mtu, “Nitafutie kazi,” tunamtwika mzigo, naye atatukimbia. Lakini tukimwambia, “Baba, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kule kwenu wanachukua watu wa namna gani? Nimwone nani? Unitazamie barua yangu kama imeandikwa vizuri,” atajibu. Asiye na kazi ya kutoa anaweza kuwa na shauri la kutoa. Mmoja atatuonyesha ofisi ya ONEM, tuandikishwe kama watafuta kazi. Mwingine atasema tuongeze ujuzi INPP. Tufanye alivyosema, halafu turudi kumwambia imekuwaje, na kumshukuru hata kama mlango haujafunguka.

Lakini tuangalie. Yuko atakayesema, “Lete dola, nitakuingiza.” Mwingine atamwambia dada yetu wakutane hotelini kwanza. Huo si msaada, ni mtego. Dada, ondoka, nawe usinyamaze: mwambie mama mchungaji. Kuomba shauri si dhambi. Kununua nafasi ya mwenzako ni dhambi.

Na ninyi mlio na kazi, neno hili ni lenu pia. Yusufu gerezani alimwomba mnyweshaji wa Farao amkumbuke. Mnyweshaji akarudishwa kazini, akamsahau miaka 2 mizima. Hakumchukia Yusufu, alishiba tu. Ni wangapi kati yetu tuliombewa na kanisa mpaka tukapata kazi, na sasa simu ya ndugu ikilia hatuipokei? Paulo hakuwa hivyo: alimwandikia Filemoni juu ya Onesimo, akawaandikia Warumi wampokee Fibi. Hatuwaambii mdanganye wakubwa wenu na kumsifu mvivu. Semeni mnalolijua kuwa kweli. Likitangazwa tangazo la kazi, msilifiche. Kama nafasi hakuna, jibuni “hakuna,” ili ndugu asingoje bure.

Jumapili hii, baada ya ibada, tusikimbilie nyumbani. Asiye na kazi amwendee mtu mmoja amweleze anachojua kufanya. Mwenye kazi amsikilize mpaka mwisho.

Tuombe: Baba, utuondolee haya inayotufunga kinywa. Uwakumbushe wale waliosahau. Uwalinde watoto wako na mitego ya wanaouza kazi. Mikono inayotaka kufanya kazi, uipatie kazi. Katika jina la Yesu, amina.