KIONGOZI HAPIMWI KWA MADEBE MAWILI

(Maneno haya yalizungumzwa mbele ya vijana, Kyela mjini. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu.)

Ndugu zangu vijana, ndaga fijo kwa kuacha shughuli zenu na kuja. Na wewe msomaji uliyeko Mbeya, Dar es Salaam au Mwanza, sogeza kiti, maana haya si ya Wanyakyusa peke yao.

Kila mtoto wa Kyela analijua debe. Mlanguzi akija kununua mpunga wa mama yako huja na debe lililotunishwa tumbo, na bado anataka lijazwe mpaka juu kiote kichuguu. Akifika mjini kuuza, anatoa debe jingine, dogo, lililobonyea. Mtu mmoja, madebe mawili. Tunamlaani, na tuna haki. Lakini siku ya kuchagua kiongozi wa nchi tunafanya yale yale. Wa chama chetu tunamtaka ajaze debe dogo, wa chama cha wenzetu tunamletea lile lenye tumbo. Siasa imekuwa Simba na Yanga.

Mei Mosi mwaka 1995 Mwalimu Nyerere alisimama Mbeya, saa chache tu kutoka hapa, akaeleza ni mtu wa namna gani nchi inamhitaji. Alikemea rushwa, alikemea ukabila, na akahoji ni biashara gani iliyoko Ikulu hata mtu amwage fedha ili aingie. Hesabu yake ni nyepesi, hata muuza usipa anaiweza: aliyetoa mtaji anataka urudi na faida. Miaka mitano tu baadaye, 2000, sheria ya uchaguzi ikarekebishwa kuruhusu kitu kilichoitwa takrima. Pilau, fulana na soda vikapewa jina la heshima. Ilibidi wanaharakati waende Mahakama Kuu, nayo ikaifuta takrima Aprili 2006. Jina lilikufa. Pilau mnajua wenyewe.

Sasa nije kwenye mfano wa hapa hapa nyumbani.

Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani kwa ukame na mgawo wa umeme. Kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa kuleta mitambo ya dharura, mitambo isifike kwa wakati. Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule, na mwenyekiti wake alikuwa mbunge wa Kyela, Dk. Harrison Mwakyembe wa CCM. Ripoti ilisomwa Februari 2008. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu tarehe 7, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakamfuata. Lowassa mwenyewe alilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza, na hilo liwekwe kwenye kumbukumbu.

Jambo ninalotaka mlione ni hili: mbunge wa chama tawala aliwauliza vigogo wa chama chake maswali mbele ya nchi nzima. Sifa ya kwanza ya kiongozi wa taifa ndiyo hiyo. Kumkaripia mpinzani wako kila mtu anaweza, hata mlevi wa kilabuni. Kumuuliza aliyekubeba begani, hapo ndipo wanaume wanapotoka jasho.

Kama ningeishia hapo, CCM wangenipigia makofi. Sogeza saa mbele. Mwakyembe huyo huyo, akiwa waziri wa habari Juni 2017, alilifungia gazeti la Mawio miezi 24, baada ya kuchapisha picha za marais wastaafu Mkapa na Kikwete katika habari za mikataba ya madini. Aliyepata jina kwa kuuliza, leo anamziba mdomo anayeuliza! Ndiyo maana nasema mtu hapimwi mara moja ukamwekea muhuri wa maisha. Kakao unaikagua kila msimu. Mwaka jana ilikauka vizuri, mwaka huu ina ukungu.

Na sisi wa upinzani je? Msicheke bado. Mwaka 2007, pale Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma orodha ya watu aliowaita mafisadi, na jina la Lowassa lilikuwamo. Julai 2015 Lowassa, baada ya kukatwa CCM, akapokewa Chadema kwa shangwe na kuwa mgombea urais wa Ukawa. Slaa akaondoka. Vijana walewale waliopaza sauti ya ufisadi walideki barabara ili mgombea apite. Alipata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40, si mchezo. Machi 2019 akarudi CCM. Marehemu tumwache apumzike, aliaga dunia Februari 2024. Ninaowauliza ni walio hai: lile debe la 2007 mlilificha wapi mwaka 2015?

Debe hilo hilo tulitumie hata kumsifu mpinzani wetu. Mwaka 2012 maneno yalichemka kuhusu mpaka wa Ziwa Nyasa. Malawi, ikishika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, inadai maji yote mpaka ufukweni. Tanzania inasema mpaka ni katikati. Malawi ilikuwa imetoa kibali cha kutafuta mafuta, na mitaani watu walishaanza kutaja vita. Mvuvi wa Matema angeamka asubuhi ana mtumbwi lakini hana ziwa. Serikali ya Kikwete ilichagua mazungumzo, suala likapelekwa kwa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji. Mimi si mpenzi wa serikali ile, lakini ubaridi huo wa kichwa ni sifa. Ndugu zetu wako ng'ambo ya Songwe, tunaoleana nao. Anayepiga kifua jukwaani kuhusu vita muulizeni kwanza kama ameusoma huo mkataba.

Najua kijana mmoja pale nyuma ananong'ona: mzee, sifa za nini, wakati Oktoba 2025 Chadema haikuwamo kwenye karatasi ya urais na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alienguliwa? Swali zito, na sitalipaka mafuta. Pasipo wa kumchagua, kipimo kinabaki ukutani. Lakini debe halitengenezwi siku ya mavuno. Mnachagua viongozi wa matawi ya chama, mnachagua bodi ya chama cha ushirika kinachouza kakao ya wazazi wenu. Huko hakuna tume ya kulaumiwa. Kijiwe chenu cha bodaboda kina mweka hazina. Mara ya mwisho amewasomea hesabu lini, na nani alithubutu kumuuliza?