CHUO HUCHAGULIWA KWA KAZI, SI KWA JINA

(Hotuba iliyosomwa na katibu kijana wa tawi mbele ya wazee na wanafunzi wa Kidato cha Sita, Mjini Unguja.)



Nimetakiwa niseme juu ya jambo linalogawa nyumba nyingi kila matokeo ya Kidato cha Sita yatokapo. Kijana ataka shahada ya biashara. Je, avuke bahari aende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ama abaki Unguja katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, tukiitacho SUZA?

Kwanza, tuvijue vyuo vyenyewe. Cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani. Biashara ilipata kitivo chake huko mwaka 1979. Chuo chetu kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikapokea wanafunzi mwaka 2001. Skuli yake ya Biashara iko Chwaka, pale palipokuwa Chuo cha Uongozi wa Fedha. Vyote ni vya umma, na vyote vyasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Basi asitokee mtu akawaambia kuwa shahada ya hapa ni nusu shahada.

Pili, tuulize: kijana ataka kazi gani? Atakaye mabenki makubwa, bima au biashara ya hisa, Dar es Salaam ndiko kuliko Soko la Hisa. Huko atasoma pamoja na vijana wa Bara nzima, na kujuana nao ni mtaji. Lakini atakaye kuendesha hoteli, kuuza mwani na viungo, au kuagiza bidhaa kupitia bandari ya Malindi, soko lake liko hapa hapa. Kila siku twalalamika kuwa vyeo vya juu vya hoteli zetu vyashikwa na wageni. Walakini malalamiko hayashiki daftari la hesabu. Linashikwa na mtu aliyesoma.

Tatu, fedha. Ada si gharama yote. Ipo nauli ya boti, kodi ya chumba na chakula cha kila siku. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar husaidia, lakini mkopo ni deni, na deni hulipwa. Baba asiuze shamba ili tu apate kusema barazani kuwa mwanawe yuko Mlimani.

Nne, na hili wazee wangu mnistahimilie. Binti ambaye kazi aitakayo yamwita Dar es Salaam, msimzuie kwa kuwa ni mwanamke, huku kaka yake mwampa nauli kwenda kutafuta jina tu. Huko si kuchagua. Ni kupoteza watoto wawili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kujaza fomu, kaeni baba, mama na kijana mwenyewe, mwandike mambo matatu: kazi, soko, gharama. Karatasi ikisema Mlimani, avuke kwa dua zenu. Ikisema Chwaka, aende kifua mbele.