Maji ya Kisima



Leo tunakata keki ya miaka 25. Sare ni mpya, kinanda ni kipya, na nyimbo zetu zinapigwa hata kwenye matatu za Malindi. Tumshukuru Mungu.

Lakini tukipita Gede, tuyatazame yale magofu. Katika karne ya 15 ulikuwa mji wa fahari, wenye jumba la mfalme na vyombo vya kaure kutoka Uchina. Kufikia karne ya 17 watu walikuwa wamehama. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni maji kupungua visimani. Kuta zipo hadi leo. Walioondoka ni watu.

Mfalme Uzia naye alichimba visima vingi, akajenga minara (2 Nyakati 26). Alipopata nguvu, moyo ukavimba. Akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyo yake, akatoka na ukoma. Hakuangukia vitani, aliangukia mahali pa ibada. Na sisi wanakwaya, ibada ndiyo kazi yetu.

Wazee wetu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Zamani tulikwenda matangani kwa miguu. Juzi mjane alituita, tukamjibu kwamba tunarekodi. Mimi mlezi wenu nilikubali jibu hilo. Nisameheni.

Jumamosi hii twende kwake, bila sare wala kinanda. Tukaimbe, tukaombe naye.

Mungu awabariki.