Mabaki ni Mali ya Nani? Samadi, Masalia ya Shamba na Haki ya Maskini

Mada kwa viongozi wa walei na wanajumuiya



Mwinjili Yohane atusimulia kwamba Bwana wetu, baada ya kuwashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye yaliyosalia ili pasiwe na kitu cha kupotea bure. Vikajaa vikapu 12 (Yn 6:12-13). Yeye aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha mikate hakukubali makombo yatupwe. Leo twapenda kutafakari juu ya makombo ya mashamba na mazizi yetu: samadi, maganda, pumba na mabua. Wataalamu wametufundisha namna ya kuyageuza kuwa mbolea na moto wa kupikia. Sisi Tume ya Haki na Amani tunaongeza swali moja: mabaki haya ni mali ya nani?

1. TUONE

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ng'ombe wengi hufugwa zizini ndani ya kihamba. Majani yao hukatwa mbali, mara nyingi tambarare, na wanaoyabeba kichwani kwa sehemu kubwa ni akina mama. Samadi hurudishwa kwenye migomba na kahawa. Wazee wetu, basi, hawakuiita samadi taka hata siku moja. Hata hivyo, katika boma hilohilo mama hupika kwa kuni huku macho yakimtoka machozi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani kote mwaka 2020.

Dawa mojawapo imo zizini. SIDO ilianza kujenga mitambo ya biogesi nchini Tanzania mwaka 1975, na katika miaka ya 1980 CAMARTEC ya Arusha ikaeneza mtambo wa kuba uliojengwa chini ya ardhi. Samadi huchanganywa na maji kwa kiasi kilicho sawa, ikaingia ndani ya kuba lisilopitisha hewa. Humo vijidudu huisaga na kutoa gesi inayowaka, ambayo hupelekwa jikoni kwa bomba. Kilo 30 za samadi kwa siku zaweza kutoa gesi ya kupikia kwa muda wa saa tatu hivi. Tope linalotoka upande wa pili bado ni mbolea, tena nzuri. Kwa hiyo, samadi ileile hupika chakula kwanza, kisha huenda kulisha mgomba.

Hata viwanda vimeanza kujifunza. Katika jani la mkonge, nyuzi ni asilimia 4 hivi tu. Yanayobaki yalitupwa kwa miaka mingi yakaoza na kuchafua maji. Mwaka 2008, huko Hale mkoani Tanga, ulizinduliwa mtambo wa kuzalisha umeme wa kilowati 300 kwa biogesi ya mabaki hayo.

2. TUPIME KWA MWANGA WA INJILI

Hayo yote ni mema. Lakini hatuna budi kutambua kwamba mabaki yanapopata thamani, hupata pia mwenye nguvu wa kuyadai. Pumba iliyotolewa bure mashineni huanza kuuzwa, na mjane aliyefugia kuku wake kwa pumba hiyo hurudi na debe tupu. Nchini Uganda kiwanda cha saruji kilianza kuchoma maganda ya kahawa badala ya mafuta. Ni jambo la kupongezwa kwa upande mmoja. Lakini maganda hayohayo ndiyo ambayo mkulima huyatandaza shambani ili kuhifadhi unyevu na rutuba. Yakiondoka yote, udongo hubaki na njaa.

Mtambo wa biogesi nao haumfikii kila mtu. Wahitaji ng'ombe wawili au zaidi, saruji, fundi na maji ya kila siku. Asiye na ng'ombe hana nafasi. Tena, pale ambapo maji ni ya kuteka mbali, mama aliyepunguziwa mzigo wa kuni aweza kuongezewa mzigo wa ndoo. Na mara nyingi anayeamua kama mtambo ujengwe siye anayevuta moshi.

Torati ilikwisha kuliona jambo hili. Mwenye shamba alikatazwa kuvuna hadi pembeni na kurudia masazo. Sehemu hiyo ilikuwa ya maskini na mgeni (Wal 19:9-10). Ruthu, mjane na mgeni, aliishi kwa masazo hayo. Tuangalie vema: haikuwa sadaka ya hiari ya tajiri, bali haki iliyowekwa na sheria ya Mungu. Naye hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Kwa hiyo, mpango wowote wa kutumia mabaki usiomwachia maskini sehemu yake, hata ukiwa safi kwa mazingira, haujatimia mbele ya haki.

3. TUTENDE

Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila kaya ijifunze kutengeneza mboji. Majani, maganda ya ndizi na majivu hayadai ng'ombe wala saruji. Ndiyo njia iliyo wazi hata kwa aliye maskini kabisa.

Pili, wenye mitambo ya biogesi watenge sehemu ya tope kwa ajili ya jirani asiye na mifugo. Jumuiya iwafahamu jirani hao kwa majina, isingoje waje kuomba.

Tatu, kabla ya kujenga mtambo, mume na mke waketi pamoja waulizane: maji yatatoka wapi, na nani atayabeba? Tangi la kuvuna maji ya mvua liwe sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Nne, shule, seminari na hospitali zetu zitangulie kwa mfano. Nchini Rwanda, kuanzia mwaka 2001, magereza yalijengewa mitambo inayotumia kinyesi cha wafungwa, na matumizi ya kuni yakapungua sana. Ikiwa jambo hilo limewezekana gerezani, shule ya bweni ya parokia itajitetea kwa neno gani?

Wapendwa, vile vikapu 12 havikujazwa na mtu mmoja. Mitume walizunguka katikati ya umati wakaokota. Nasi twende tukaokote pamoja, tukikumbuka wale walioketi mwisho wa mstari.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Ni mabaki gani katika eneo letu yalikuwa bure zamani na sasa yanauzwa? Nani ameumia?

2. Katika jumuiya yetu, ni kaya zipi hazina mifugo? Tutazifikishiaje mbolea kabla ya msimu ujao wa kupanda?

3. Taasisi za parokia yetu hupika kwa nini, na mabaki yao huishia wapi?