Ukikamatwa kwa Shitaka la Silaha
(Maneno yaliyosemwa na mhudumu wa jamii katika mkutano wa wakaaji, Kiryandongo)



Wengi wetu tulipita kambi ya muda ya Mulanda, Tororo, mwaka 2008, tulipokimbia ghasia za uchaguzi Kenya. Mimi nilikuwa mtoto. Mpaka ule bado tunaupita, Busia na Malaba, kwa biashara na kwa misiba. Leo nasema juu ya jambo ambalo watu huogopa hata kulitaja: kukamatwa na bunduki au risasi.

Msiseme hayo ni ya majambazi. Kijana wa boda boda hupewa gunia, aambiwe ni mahindi, avushe. (Jina lenyewe la boda boda lilitoka pale mpakani, kwa baiskeli za kuvusha watu.) Polisi wakifungua wakakuta risasi, wa kwanza kushikwa ni yeye. Sheria za pande zote mbili zinataka ionekane kwamba ulijua kilichomo. Lakini zinasema pia kwamba kama bunduki iko kwa mmoja wenu, na ninyi wengine mnajua na mmekubali, nyote mnahesabiwa kuwa nayo.

Kwa hiyo maelezo unayoandikiwa polisi ni kitu kikubwa. Nimekaa na familia moja ambayo kijana wao alitia dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza asiyoielewa, kwa kuambiwa ataachiwa jioni. Hakuachiwa. Karatasi ilisema alijua.

Sema jina lako, onyesha kitambulisho cha mkimbizi, halafu useme: "Nataka wakili, na nataka mkalimani." Kunyamaza si kosa. Mkalimani wa mahakamani halipiwi, Uganda wala Kenya. Na muhesabu saa. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Uganda, kwa Katiba ya 1995, ni saa 48.

Sasa fedha. Uganda, kama shitaka la bunduki lina adhabu ya miaka 10 au zaidi, hakimu wa chini hana uwezo wa kutoa dhamana. Ombi linakwenda Mahakama Kuu. Mama mmoja wa hapa aliuza mbuzi wake wawili akampa mtu aliyesimama nje ya mahakama, eti atazungumza na hakimu. Hata hakimu angetaka, asingeweza! Mbuzi wamekwenda, kijana yuko ndani. Kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, ukikaa rumande siku 180 kabla kesi haijapelekwa Mahakama Kuu, Katiba inataka uachiwe kwa dhamana. Wafungwa wengi hawaijui hesabu hiyo.

Kama unashitakiwa kuiba kwa kutumia silaha, Uganda adhabu inaweza kufika kifo, na hapo serikali inapaswa kukupa wakili kwa gharama yake. Kwa mashtaka madogo kuna Justice Centres Uganda, Tororo, na Refugee Law Project ya Makerere. Upande wa Kenya iko Huduma ya Taifa ya Msaada wa Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unampa mkimbizi msaada wa sheria mahakamani sawa na mwenyeji.

Vijana, tupeni zile jaketi za jeshi. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikataza raia kuhukumiwa katika mahakama za kijeshi, lakini sheria mpya ya mwaka huo huo imerudisha njia hiyo kwa anayekutwa na silaha au vifaa vya jeshi, na sare imo.

Mtu wenu akikamatwa, njooni ofisini siku ile ile, hata usiku. Leteni jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba yake, jina la kituo cha polisi na saa aliyoshikwa. Msije na pesa.