TARIKHI YA WATOTO HAIUZWI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Jambo nililolijia leo ni vitabu vya watoto wetu, na mfano wangu nautoa bara, Shinyanga na Geita. Huenda mmoja wenu akauliza, "Sisi watu wa visiwani tuna nini na Geita?" Jawabu ni fupi: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Nchi ile ni tajiri wa madini. Mwaka 1940 Dakta John Williamson aligundua almasi Mwadui, na mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi iliyotoka huko ikatolewa zawadi ya arusi kwa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza. Geita dhahabu ilichimbwa tangu zama za ukoloni. Mgodi wa kale ulifungwa mwaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000.

Lakini nchi ile ni tajiri wa tarikhi pia. Kabla ya kuja Mzungu, mafundi wa Kirongo walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe. Mwaka 1945 Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa mwanzo kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mwaka 1958 watu wa Geita waliikataa halmashauri ya mseto waliyopangiwa na wakoloni, wakaenda kwa maelfu hadi Mwanza kudai haki yao. Tangu mwaka 1986 wakulima na wafugaji wa Shinyanga wamerudisha misitu katika ardhi iliyokuwa jangwa, kwa kuihuisha desturi ya wazee wao iitwayo ngitili.

Je, mtoto akaaye karibu na mgodi huyasoma wapi haya? Mwaka 2024 Serikali ilianzisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Jambo hilo ni jema. Lakini kitabu kimoja cha nchi nzima hakiwezi kubeba habari za kila wilaya. Vyatakiwa vitabu vidogo vya kusoma, vya Kiswahili chepesi, vilivyoandikwa kwa habari za mahali penyewe. Na vitabu vyataka fedha, kwani mkono mtupu haulambwi.

Fedha zipo. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, yamlazimisha mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuwahudumia wananchi, na kuupatana na halmashauri ya mahali. Kwa njia hiyo hujengwa madarasa na zahanati. Basi kwa nini visinunuliwe vitabu pia?

Hapa ndipo penye hatari, ndugu zangu. Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondoshwa Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama, ili kumpisha mwekezaji. Wako wanaosema hadi leo kwamba watu walifukiwa mashimoni wangali hai. Serikali na kampuni zilikanusha, na mwaka 2002 mkaguzi wa Benki ya Dunia alisema hakuona ushahidi wa madai hayo. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Nauliza tu: kitabu kilicholipiwa na mgodi, na kuandikwa chini ya macho ya mgodi, kitathubutu hata kuitaja Agosti 1996? Au mtoto atasoma kwamba nchi yake haikuwa na kitu mpaka kampuni ilipofika?

Kwa hiyo nasema, fedha zipokewe, lakini kalamu isikabidhiwe. Fedha zipite mikononi mwa halmashauri, hesabu zake zibandikwe hadharani. Walimu na wazee wa pale pale ndio waandike. Penye mzozo, maneno ya pande zote mbili yaandikwe, mtoto afundishwe kupima. Kisha kitabu kikaguliwe na Kamishna wa Elimu kama sheria itakavyo, wala kisipelekwe kwa meneja wa mgodi kukatwa kurasa.

Nasi je? Mwaka 2018 Serikali ya Zanzibar ilitia saini mkataba na kampuni ya RAK Gas wa kutafuta mafuta na gesi katika kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mahoteli nayo yamejaa pwani zetu. Wenye mali watakapokuja na vitabu vya zawadi kwa skuli zetu, watatukuta tumekwisha kuandika, au watatukuta mikono mitupu?

Tusingoje. Kila tawi na lichague watu watatu wanaoandika vizuri. Waende kwa wazee kabla hawajatutoka, wayachukue maneno yao, wayalinganishe, wayaandike. Mashine hii itoayo gazeti letu yaweza pia kutoa kijitabu cha kurasa kumi na sita. Mtoto asiyejua alikotoka ni rahisi kudanganywa juu ya aendako.