Gharama Isiyoingia Daftarini

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya na majirani katika maadhimisho ya Hekalu



Kamati ilituomba tuseme machache kuhusu kazi, ili vijana wanaomaliza masomo wapate la kuokota kwa wazee wa biashara. Tukiwa bado tunatafakari, kijana mmoja wa jumuiya yetu anayesomea uchumi chuoni alitueleza kwamba anatamani kuajiriwa serikalini, katika udhibiti wa usalama wa chakula. Wakubwa waliokuwapo barazani walicheka. Mmoja akasema, "Chakula kikiwa kibovu huitwa bwana afya. Mchumi ataonja nini?" Sisi pia tulicheka. Lakini usiku ule usingizi ulitupaa, kwa kuwa tulikumbuka jambo lililotokea dukani kwetu, na jambo hilo ndilo tulilokuja kulisema leo.

Wengi wenu mnalijua duka letu la Mohoro. Mwishoni mwa mwaka 1997 zilinyesha mvua za El Niño. Daraja la Mkapa lilikuwa bado kujengwa, na magari yote ya kusini yalivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Lori lililobeba mahindi yetu lilikwama ukingoni siku nyingi, chini ya turubai lililochakaa. Magunia yalipofika Mohoro, yale ya chini yalikuwa yamelowa, na mahindi yameanza kufanya ukungu wa kijani. Tuliyaanika, tukayapepeta, tukayachanganya na makavu, tukayasaga, kisha tukauza unga kwa bei nafuu. Watu walitushukuru. Bibi mmoja, mteja wetu wa miaka mingi aliyekuwa akilea wajukuu, alirudi na kutuuliza, "Mwanangu, unga huu mbona mchungu?" Tukamjibu, "Ni mahindi ya zamani tu, bibi." Akatuamini, akaondoka.

Hatukusikia kwamba kuna aliyeugua. Kwa miaka mingi tuliuchukua ukimya ule kuwa ushahidi kwamba hatukukosea. Daftari letu la mwaka ule linaonyesha hasara ndogo tu ya magunia. Hakuna mstari wowote unaomtaja bibi yule wala wajukuu wake.

Ndugu zetu, leo tunajua jina la kile kilichoweza kuwamo katika unga ule. Wataalamu wanakiita sumukuvu, nayo ni sumu itolewayo na kuvu wanaoota katika mahindi, karanga na nafaka nyingine zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Kuanika mahindi yaliyokwisha kuota ukungu hakuiondoi sumu iliyokwisha kuingia. Kuyachanganya na mazuri huieneza. Moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi. Ikiwa nyingi, huua kwa siku chache kwa kuharibu ini. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, husababisha saratani ya ini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sumukuvu imeishinda methali hii, kwani kibaya chake hujiuza kama kizuri, na mnunuzi hana jicho la kukitambua.

Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, zikiwamo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 miongoni mwao wakafariki. Mwaka 2016 msiba ulifika nchini kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, waliofariki 20. Hao ndio waliohesabiwa kwa sababu waliugua pamoja na kwa ghafla. Je, yule anayeugua peke yake, miaka ishirini baada ya kula, nani atamhesabu? Daktari humwona mgonjwa aliye mbele yake. Bwana afya huliona gunia lililo mbele yake. Kumhesabu asiyeonekana na yeyote kati yao ni kazi inayomhitaji mchumi.

Nchini Marekani alikuwako mchumi wa Wizara ya Kilimo aitwaye Tanya Roberts. Mwaka 1989 alichapisha makadirio ya gharama ya maradhi yaletwayo na bakteria wa chakula. Wachumi wa fani hiyo hujumlisha fedha za matibabu, mishahara inayopotea mgonjwa akiwa kitandani, na thamani ya maisha yanayokatika kabla ya wakati. Hesabu za namna hiyo zilikuwa na kazi maalumu. Tangu amri ya Rais Reagan ya mwaka 1981, kila kanuni kubwa ya serikali kuu nchini humo ilipaswa kupimwa gharama na faida zake kabla ya kupitishwa. Wenye viwanda walikuwa na hesabu zao tayari, kwani kila mmoja anajua mashine mpya itamgharimu kiasi gani. Mlaji hakuwa na mhasibu. Katika mlipuko wa maradhi wa mwaka 1992 na 1993 watoto wanne walifariki nchini humo kwa sababu ya nyama ya kusaga isiyoiva, na mwaka 1996 zikatoka kanuni mpya za usafi wa nyama. Katika kuzitetea, hasara ya wagonjwa iliwekwa mezani pamoja na hasara ya viwanda, kwa tarakimu na tarakimu.

Tangu hapo hesabu hiyo imepanuka. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kila mwaka watu milioni 600 huugua kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 hufariki. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati hupoteza kwa sababu hiyo takriban dola bilioni 110 kila mwaka, sehemu kubwa yake ikiwa nguvu kazi inayopotea. Fedha hizo hazimo katika daftari la duka lolote. Ni gharama isiyoandikwa, lakini inalipwa, na mara nyingi hulipwa na mtu aliyeshukuru kupata bei nafuu.

Lakini mizani ina sahani mbili, nasi tuliokulia nyuma ya mizani hatuwezi kuitazama moja tu. Ukali nao una bei yake. Mwaka 2001 wachumi wa Benki ya Dunia, Tsunehiro Otsuki, John S. Wilson na Mirvat Sewadeh, walipima viwango vikali vya sumukuvu vya Umoja wa Ulaya. Walikadiria kwamba, vikilinganishwa na kiwango cha kimataifa, vingepunguza mauzo ya Afrika kwa dola milioni 670 kwa mwaka, na vingeokoa kifo kimoja na nusu hivi katika kila watu bilioni moja. Wapo waliosema baadaye kwamba hasara ile ilikadiriwa kupita kiasi. Hata hivyo swali lao lilikuwa la haki: usalama huu unanunuliwa kwa kiasi gani, na nani anaulipia?

Swali hilo tuliliona karibu na kwetu tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilipozuia ghafla mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio likageuzwa kuwa masharti: msafirishaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, kama kilivyo kiwango cha Afrika Mashariki. Maana yake, gunia zima la kilo 100 lisizidi miligramu moja ya sumu. Kiwango hicho ni halali, kwa kuwa wenzetu walikwisha kuzika watu 125. Lakini mwenye lori moja aliyekwisha kupakia alifanyeje? Mkulima wa debe kumi atapimia wapi? Mchumi mwema anaandika majina ya pande zote mbili kabla ya kujumlisha.

Kwa hiyo, kijana wetu, tusikucheke tena. Hapa nchini kazi hiyo imebadilishiwa nyumba mara kadhaa. Sheria ya mwaka 1978 iliunda Tume ya Taifa ya Udhibiti wa Chakula. Mwaka 2003 Tume hiyo na Bodi ya Famasi zikaunganishwa kuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mwaka 2019 masuala ya chakula yakahamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na mamlaka ya zamani ikabaki na dawa na vifaa tiba. Mtumishi aliyeanza kazi akiwa kijana miaka ya tisini na kustaafu juzi angeweza kubadilishiwa kibao cha mlangoni mara mbili, na kazi ikabaki ileile. Wewe utaanza kama Mchumi Daraja la II, kwa mshahara ambao baba yako ataulinganisha na wa duka na kuguna. Hutakata utepe wala kupigwa picha. Ukifanya kazi yako vizuri, matunda yake yatakuwa watu ambao hawakuugua, na hakuna hata mmoja wao atakayejua kwamba ni wewe.

Tunataka kukuachia fumbo moja uende nalo. Mwaka 2024 mafuriko makubwa yaliikumba tena Rufiji na Kibiti, na Mohoro haikunusurika. Maji yaliingia ghalani kwetu, na magunia 14 ya mahindi yakalowa. Safari hii tuliyafukia. Tukiwa tunafukia, akaja mzee mmoja, jirani yetu tangu utoto, ambaye shamba lake lote la mpunga lilikuwa chini ya maji. Alisimama akatazama, kisha akasema, "Mnafukia chakula na watu wana njaa?" Tulimweleza habari za sumukuvu. Akasema, "Hiyo itaniua baadaye. Njaa iko hapa leo."

Hatukuwa na jibu. Tulimpa tulichokuwa nacho nyumbani, lakini hilo lilikuwa jibu la siku moja. Tangu siku ile tumeamini kwamba mwaka 1997 tulikosea kwa sababu tuliitupa hasara yetu yote juu ya bibi yule bila kumwambia. Na mwaka 2024, ingawa tulitenda vema, bado hesabu haikukaa sawa, kwa kuwa usalama ule ulilipiwa na duka moja na tumbo la mzee mmoja. Usalama wa chakula una gharama, na gharama hiyo ikiachiwa mnyonge, mnyonge atachagua sumu, wala hatuwezi kumlaumu. Ndiyo maana nchi inamhitaji mtu wa kukaa na kuuliza: hasara hii igawanywe vipi ili asiwepo wa kulazimika kuchagua kama alivyolazimika mzee yule?

Wakati tukimsubiri mtu huyo ahitimu, tunaomba Kamati itafakari mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Ghala la jiko la Hekalu, linalolisha wanajumuiya na majirani siku za sikukuu, liwekewe chaga, ili gunia lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta. Kinunuliwe kipimo cha unyevu, na kiwe wazi kwa jirani yeyote mwenye mahindi, bila malipo. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie mahindi machache na chumvi kavu katika chupa kavu, atikise, kisha aache kwa muda: chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi. Na uanzishwe mfuko mdogo, ambao sisi tuko tayari kuuchangia wa kwanza, ili mwenye duka au mkulima akifukia nafaka iliyoharibika, apate walau sehemu ya thamani yake, na mwenye njaa apate nafaka njema.

Ndugu na majirani, kila Diwali sisi wafanyabiashara huleta hapa madaftari mapya kwa ibada ya Chopda Pujan. Katika ukurasa wa kwanza tunaandika maneno mawili tuliyorithi kwa babu zetu: Shubh na Labh, heri na faida. Tumeyaandika tangu utoto, na ni uzeeni tulipotambua kwamba heri inaandikwa kwanza. Babu zetu walipofungua duka Mohoro hawakuwa na maabara wala cheti. Walikuwa na mizani na ukurasa ule. Bibi wa mwaka 1997 amekwisha kutangulia mbele ya haki, na hatukuwahi kumwomba radhi. Wajukuu wake ni watu wazima sasa, na huenda baadhi yao wamo humu. Kwao tunasema leo, mbele ya Hekalu na mbele ya majirani: unga ule ulikuwa mchungu, nasi tulijua.

Mwenyezi Mungu awajalie nyote chakula chema na afya.